Wale Wadudu Wako wa Chupani

Mume wangu Saidi,

Wadudu wako wamekufa. Nakuambia mapema, maana ulikuwa ukirudi kazini hujanisalimia mimi, unawauliza wao.

Mama yako ndiye aliyewaua, masikini, wala hakukusudia. Tangu kichomi kikuchukue amehamia hapa Temeke kukaa nami nikiwa edani. Akaiona chupa ya maji ya bwawa dirishani, akakumbuka Bwana Afya anavyofoka akikuta maji yaliyosimama, akatia mafuta ya taa ili mbu wasizaliane. Nilipoweka tone kwenye kioo, nikainamia ile hadubini yako kuukuu, kimya. Hakuna kinachotembea.

Weee Saidi, nililia! Siku ya maziko waliniambia nisubiri, nisilie, nikasubiri. Siku hii nilipiga yowe, majirani wakaja mbio wakidhani msiba mwingine. Ningewaambia nini? Namlilia mdudu asiyeonekana kwa macho?

Mimi mwenye eda sitoki, basi mama yako akajifunga kanga akaenda mwenyewe bwawani Vingunguti, na magoti yake yale mabovu, akarudi na chupa. "Haya, mkamwana, nionyeshe alichokipenda mwanangu."

Mwanzo aliona kope zake tu, kama mimi ile mara ya kwanza uliponicheka. Kisha akashtuka: "Yule! Kama kiatu cha kubadhi, anakwenda!" Nikamweleza ulivyonieleza: mwili wake mzima ni chumba kimoja, humo humo jiko, humo humo choo. Anaogelea kwa vinyweleo. Kile kiputo kinachovimba na kunywea kinatoa maji yanayomwingia, asije akapasuka. Ndani mna kiini kinachoongoza mambo yote. Na akitaka kuzaa hujigawa katikati, wakawa wawili. Mama hayupo tena, na maiti haipo.

"Na moyo wake uko wapi?"

Nikamwambia hana.

"Heri yake," akasema, akarudisha jicho pale pale. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Kaka zangu wameleta habari kwamba eda ikiisha watakuja kunichukua nirudi kwetu Bunju, maana sikukuzalia mtoto, kwa hiyo hapa sina changu. Mama yako alisikia, akaanza kunifungia vyombo vyangu huku amenipa mgongo.

Nimevifungua vyote. Siendi, Saidi. Lala salama, mume wangu. Mama yako, siku yake ikifika, nitamzika mimi.

Mkeo, Mwanahawa