Mkono wa kushoto wa Consolata

Jumanne, chuoni

Na ule mkono wa kushoto bado unaniudhi.

Leo nimechagua timu ya riadha ya chuo, ya kwanza tangu vita ilete wakimbizi na uwanja wetu kujaa mahema. Mita mia hatuna mtu. Mkuki, labda. Mita mia nane tunaye Consolata, aliyevukia mpakani Mugoma kutoka Burundi. Anawaacha wote, ila mkono mmoja anauweka mgongoni.

"Utupe mbele, unajichelewesha!" nilimfokea.

"Samahani, mwalimu. Ndivyo nilivyokimbia na mdogo wangu mgongoni. Nikiuachia naona kama ataanguka."

Kwenye karatasi nilikuwa nimeandika: mkono urekebishwe. Nimeukata mstari huo. Tukishindwa kwa sababu ya mkono, basi tushindwe.