Karanga Tano kwa Kila Swali

Jumatatu, 3 Juni. Tabora

Laptop imechajiwa. Fomu nimezihesabu, kalamu nimezifunga kwa mpira. Wenzangu likizo wanalala, mimi napima hofu za watu. Shule ikifungwa mwalimu wa kompyuta hana pa kwenda, kwa hiyo Bwana Shija aliponiita kwenye mradi wake sikujivunga.

Kazi yenyewe: vituo vya afya vinaacha madaftari, vinaanza kuandikisha wagonjwa kwenye kompyuta. Kabla ya mafunzo kila mtumishi anapimwa anaiogopa kiasi gani. Sentensi ishirini. "Nikikaa mbele ya kompyuta moyo hunienda mbio." Anazungushia namba. Moja ni hapana kabisa, tano ni ndiyo kabisa.

Na mimi nimejazishwa fomu ya mradi. Jina, elimu, hali ya ndoa, idadi ya watoto. Kwenye watoto nimeandika sifuri. Huwa naandika sifuri na kupita haraka.

Jumanne, 4 Juni. Bukene

Siku imepotea. Wote wamezungushia tatu. Wahudumu tatu, fundi wa maabara tatu. Mlinzi amezungushia hata kabla sijamaliza kusoma sentensi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema tatu haigombani na mtu.

Nimekasirika, halafu nimecheka peke yangu stendi hadi muuza maji akanitazama. Wameona karatasi, wamejua inaenda kwa mwajiri. Nani atajiandikia kwa mkono wake kwamba anaogopa?

Nimenunua karanga nikisubiri basi. Msimu wake huu, kila meza imejaa. Natafuna, wazo likaja. Nimejisifu njia nzima mpaka nyumbani.

Jumatano, 5 Juni. Puge

Hakuna kalamu, hakuna namba. Bakuli la karanga mbele ya mtu, mimi nimeshika kikombe. Nasoma sentensi. Hofu kidogo, tia karanga moja. Hofu nyingi, tia tano. Nahesabu, naandika mwenyewe, namwaga, tunaendelea. Watu wamecheka, wametulia, wamejibu bila kusita. Mimi kweli kichwa kinafanya kazi.

Wa mwisho alikuwa Mama Kalunde, karani wa mapokezi. Miaka ishirini na sita kwenye dirisha lile lile, bado miwili astaafu. Mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyekuwa akinisubiri tangu asubuhi. Akanipa kiti chake, yeye akakaa kwenye boksi la dawa. Nilikataa, hakunisikiliza.

Karanga tano kwa kila sentensi. Zote ishirini. Hata ile ya "Kompyuta inanifurahisha", tano. Nikajua hapo hakuelewa, nikaendelea. Jumla mia moja kamili. Hakuna aliyefika huko.

Tulipomaliza alizifunga karanga zote kwenye karatasi ya kalenda ya mwaka jana, akanipa za njiani. Nimemwonea huruma. Mtu mzima, mpole namna ile, na anatetemeka ndani kwa ndani kwa ajili ya mashine ya kuandikia majina.

Ijumaa, 7 Juni. Tabora

Nimempelekea Bwana Shija matokeo ya Puge. Amefurahi. Amesema hatimaye takwimu zinaongea, hasa za watumishi wa zamani.

Halafu akanieleza, kama mtu anayetaja ratiba ya basi, kwamba waliozidi themanini hawataenda mafunzoni. Wataondolewa madirishani, waletwe vijana waliosomea. Mama Kalunde atapelekwa stoo ya mashuka. Orodha inafungwa Ijumaa ijayo saa sita mchana.

Nilidhani wanaoogopa zaidi ndio watafundishwa kwanza. Hivyo ndivyo ningefanya mimi darasani. Sikuuliza mwanzoni, nikadhani tu.

Nimesema nini? Nimekunywa chai yake, nikaondoka. Kwenye awamu ya pili anataka mtu wa kudumu ofisini na ameshaanza kunitania kwa jina la cheo. Najichukia kidogo leo.

Jumatatu, 10 Juni. Igalula

Nimekula karanga za kazi kwenye basi. Ndiyo, mimi, mtafiti. Bakuli limefika na karanga za kuhesabika.

Mzee Maganga, mlinzi wa kituo, aliwahi kufanya kazi relini. Salamu yake ya mwangaluka ilikuwa ndefu, ikauliza mpaka hali ya nyumba niliyopanga. Tukaanza. Sentensi ya kwanza tano, ya pili tano. Ya tatu nikachelewa kumrudishia zile nilizomwaga, bakuli lilikuwa na karanga mbili tu. Akazitia kikombeni, akazitazama. Sura ikambadilika. Akasimama, akaniomba nisubiri, akatoka.

Nikadhani kaenda kujisaidia. Amerudi baada ya nusu saa na sado zima la karanga kutoka kwake, kopo la kupimia limejaa pomoni, anahema. Akaniomba radhi.

"Nisamehe, mwalimu. Mgeni kanishikia kikombe, namtilia karanga mbili. Watu wangesema nini?"

Nikamuuliza, kwa hiyo kompyuta anaiogopa au haiogopi. Akanishangaa. Kompyuta ipi? Mjukuu wake anayo, yeye huangaliaga mpira humo.

Nimekaa kwenye benchi la wagonjwa muda mrefu. Sikupima hofu ya mtu yeyote. Nimezunguka vituo vya watu na kikombe kama mtu aliyekuja kuomba, nao wamenipa. Aliyenipa zaidi ndiye anayeondolewa.

Jumanne, 11 Juni. Tabora

Sijapiga simu. Nimefua, nimepiga pasi hata vitambaa vya meza. Naona aibu.

Jumatano, 12 Juni

Nimepiga. Nilimweleza Bwana Shija yote, na ya kula karanga za kazi pia. Akasema anataka namba, si hadithi ya karanga. Kama za kwangu hazifai nimletee nyingine kabla ya Ijumaa saa sita. La sivyo orodha inabaki ilivyo.

Nikamuuliza kuhusu Mama Kalunde. Akasema hamjui.

Alhamisi, 13 Juni. Puge

Nimefika wagonjwa wakiwa wengi. Nimesubiri kwenye foleni nikimwangalia anavyofanya kazi, kitu ambacho mara ya kwanza sikukifanya. Hamwulizi mtu jina mara mbili. Anafungua daftari, kidole kinashuka, kinasimama. Kuna mama mmoja mjamzito alifika dirishani kainamisha kichwa. Mama Kalunde alisoma kitu pembeni ya ukurasa, akafunga daftari, akamwambia aingie ndani. Hakumuuliza chochote.

Mchana alipopumzika nilimweleza. Sikuficha. Kwamba mimi ndiye nimemtoa dirishani kwa kikombe changu. Nilitegemea anikasirikie. Ameondoa miwani, akaifuta kwa khanga.

"Nilikusikia ulivyoeleza, mwanangu. Moja ni kidogo, tano ni nyingi. Nilielewa. Mkono ndio ulikataa."

Nikasema basi leo tugeuze. Yeye ashike kikombe, achukue karanga kwangu, nyingi kadiri ya hofu yake. Kila sentensi akachukua moja. Moja, moja, moja. Nikamtazama. Akacheka, akasema atachukuaje nyingi kwa mtu aliyetoka Tabora bila kula. Nikacheka na mimi mpaka machozi. Tukazila zote, kipimo kikaishia hapo.

Nikawasha laptop. Nikamwambia aniandikishe, mimi ni mgonjwa. Programu ya mazoezi ninayo, ni ile ile watakayoletewa. Ameandika jina langu kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama mtu anayechambua mchele. Hakutetemeka. Umri. Kijiji. Alikosea, nikamwonyesha pa kufutia, hakukosea tena hapo.

Akafika kwenye idadi ya watoto. Akaniuliza, kwa kuwa ndiyo kazi yake kuuliza.

Nilitaka kusema sifuri. Neno halikutoka. Sijui kwa nini leo. Labda kwa kuwa alikuwa ameinua uso na kungoja. Laptop haijawahi kunitazama hivyo.

Akaondoa kidole kwenye kitufe. Hakusema pole. Alisogeza boksi lake karibu na kiti changu, tukakaa. Baadaye nilimwambia. Siku kumi na moja. Wa kike. Miaka sita sasa.

Ndipo akaniletea daftari na kunionyesha pembeni mwa kurasa. Mwandiko mdogo wa penseli, miaka yote hiyo. *Wa pili alifariki, usimuulize. Mume yuko safarini, asiulizwe mbele ya watu. Haoni vizuri, msomee.* Kila anayekaa dirishani, hata siku yeye anaumwa, anasoma pembeni kwanza.

"Mashine siiogopi," akasema. "Nimeitazama, nimeona haina pembeni. Haya nitayaandika wapi? Kila mama atakuwa anaulizwa upya kila akija."

Nafundisha kompyuta mwaka wa tisa huu. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo, na mimi sijawahi kujiuliza. Na ni mimi ninayejazaga sifuri.

Nikashusha ukurasa mpaka chini kabisa. Kuna kisanduku pale, "Maelezo mengine". Hatukifundishi. Tunakiruka, kwa kuwa si lazima kukijaza. Nikamwonyesha. Akauliza kinachukua maneno mangapi. Mengi, nikasema. Akauliza kama kinaonekana mgonjwa akija tena. Kinaonekana. Akauliza kama kinaweza kuwa juu, kwa kuwa mwenye haraka hatafika chini. Hilo nikaliandika nyuma ya fomu.

Nilimwachia laptop aendelee kujaribu, nikaenda kununua soda. Niliporudi alikuwa ameshaifunga na kuifunika kwa khanga isipate vumbi.

Ijumaa, 14 Juni. Tabora

Saa nne niko ofisini kwa Bwana Shija. Sikuwa na namba. Nilikuwa na ukurasa mmoja niliouandika kwenye basi, mwandiko unarukaruka. Nimeandika kwamba fomu zangu zote zifutwe, kosa ni langu. Kwamba karani wa Puge ameandikisha mgonjwa kwenye kompyuta peke yake, kosa moja. Kwamba kisanduku cha maelezo kipandishwe juu, na kwa nini.

Alisoma akiwa amesimama. Akakaa, akasoma tena. Akauliza habari ya kisanduku ni wazo la nani. Nikamwambia la karani wa Puge, yule asiyemjua.

Hakunisifu. Amesema bila namba hawezi kumwondoa mtu dirishani, kwa hiyo makarani wote wataenda mafunzoni. Na kwamba awamu ya pili atatafuta mtu makini zaidi. Alisema kwa upole, ndiyo maana imeniuma. Nimetoka nje, nikasimama juani. Nimefurahi na nimeumia, vyote kwa pamoja, na njaa juu.

Ijumaa, 28 Juni. Puge

Shule zinafunguliwa Jumatatu. Nilikuwa Nzega kwa shangazi, nikashuka Puge njiani. Sina kazi pale tena. Nilitaka tu kuona.

Kompyuta imewekwa dirishani, pembeni yake daftari la zamani, wazi. Mama Kalunde anahamisha. Jina kwa jina, kidole kimoja, wagonjwa wakiwa wachache. Mafunzo kayamaliza wiki iliyopita. Anasema mwalimu wao alikuwa kijana mwenye haraka lakini mwenye adabu. Kisanduku bado kiko chini. Amebandika karatasi juu ya kioo cha kompyuta, mwandiko wake: *Shuka chini kwanza, usome, ndipo uulize.*

Nilikuwa na kikohozi. Nikamwambia kwa utani aniandikishe basi, nipate dawa. Akasema wewe upo. Nikasema nipo wapi? Akasema ile siku ya soda uliniacha na mashine yako. Alifanyia mazoezi jina langu, na alipoletewa kompyuta yake jina la kwanza kuingiza lilikuwa langu.

Akalitafuta. Akageuza kioo upande wangu, jambo ambalo wamekatazwa. Jina, umri, Tabora. Kwenye idadi ya watoto ameandika 1. Nikashuka mpaka chini.

*Mtoto yupo mmoja, alitangulia. Usimuulize. Akitaka atasema mwenyewe.*

Nimesoma nikiwa nimeshika kingo za dirisha. Nyuma yangu kulikuwa na mama na mtoto wa homa, nikasogea awapokee. Dawa ya kikohozi nimepata. Karanga pia nimepata, hatukupimana.

Nimeandika haya kwenye basi. Alikuwa anaitwa Neema.