Bomba la Wizi Tumboni Mwako

Mdogo wangu Zuhura,

Nina hasira, na kwa kuwa wewe peke yako ulinivumilia nikieleza jambo hadi mwisho, nakuandikia wewe.

Uliniuliza mara tatu. Mara ya mwisho ulikuwa dukani kwako Kariakoo, umekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya mabomba na koki, umejifunga khanga wateja wasione tumbo lilivyovimba. "Kaka Mwalimu, mimi naumwa nini?" Nami niliyefundisha baiolojia maisha yangu yote nikakujibu: vidonda vya tumbo. Mumeo alituapisha. Daktari alimwambia yeye kwanza, naye akatuita ndugu uani. "Akijua, atakufa kabla ya siku zake." Tukaitikia. Watu wazima, tukaitikia!

Haya, nikueleze sasa. Ilikuwa saratani. Uvimbe hauwezi kukua bila damu, kwa hiyo hutoa kemikali za kuita mishipa midogo, nayo humea kuuelekea. Ni kama yule mpangaji wa Buguruni uliyenisimulia, aliyejiunganishia bomba kwenye laini ya jirani, jirani akabaki kushangaa mbona ndoo haijai. Wewe ukikonda, uvimbe ukinenepa.

Juzi nimesoma kwamba watafiti wanachukua seli, wanazibadilisha maabara, kisha wanazituma zikazuie mishipa hiyo isimee. Yaani wanaukatia uvimbe maji. Nikakusikia kabisa: "Umeanza, Mwalimu! Fupisha, wateja wanasubiri." Halafu ungeuliza swali la muuza mabomba: fundi huyo atajuaje lipi la wizi na lipi la halali? Ndilo hasa linalowahangaisha, maana hata kidonda kinachopona kinahitaji mishipa mipya. Bado ni majaribio. Tiba hiyo isingekuokoa, sikudanganyi tena.

Kinachonichoma ni kwamba ungeuelewa ugonjwa wako kuliko sisi wote, tukakunyima. Ulikunywa dawa za vidonda huku ukiilaumu pilipili. Pilipili, Zuhura! Ukaacha achari uliyoipenda, na mimi nikakusifu kwa kuiacha.

Sasa sikia. Binti yako Rehema, anayeuza dukani kwako siku hizi, ameota uvimbe kwenye titi. Majibu kayafuata mumeo. Ni saratani, bado ndogo. Jana akatuita tena, uani pale pale, akataka tumwambie mtoto ni uvimbe wa mafuta tu. Ndugu wakaanza kuitikia. Nikasimama, magoti yangu haya mabovu, nikasema mimi siitikii. Akaniambia, "Shemeji, elimu yako haina huruma." Nikamjibu kwamba huruma yetu imeshamzika mtu asiyejua alichokufa nacho.

Kesho asubuhi naenda dukani. Nitamwomba Rehema afunge mlango mmoja, nikae kwenye kiti chako, nimtajie ugonjwa kwa jina lake. Nitamchorea uvimbe na mabomba yake nyuma ya katoni ya koki. Atakachouliza nitajibu, na nisichokijua nitasema sikijui. Kisha tutakwenda hospitali wawili, na majibu yatakayofuata atayapokea kwa mkono wake mwenyewe.

Mchoro huo ulikuwa haki yako kwanza. Nisamehe, mdogo wangu. Pumzika, mwanao hatadanganywa nikiwa hai.

Kaka yako,
Mwalimu