Hakuna Anayemwamsha Pono

Shikamoo mama yangu,

Nakuandikia miguu ikiwa ndani ya maji ya Mafia, kwa hiyo usishangae kadi ikifika Mlowo imejikunja. Leo asubuhi mwenyeji wangu, Bi Mwanahamisi, alinivalisha miwani ya kuzamia akaniambia niinamishe uso tu, nisiogope. Mama, chini kulikuwa na pono! Ni samaki wa kijani na waridi kama kile kitenge chako cha Tunduma. Alikuwa anakwangua mwani kwenye matumbawe kwa meno, na mlio wake niliusikia majini kama mashine yetu ya kumenya kahawa. Bi Mwanahamisi anasema asipopalilia yeye, mwani huyafunika matumbawe yakafa. Na yale anayoyatafuna hutoka tumboni mwake yakiwa mchanga, huu huu mweupe ninaoukanyaga.

Nikamwambia kwamba tangu tumzike baba, akina shangazi wanakusema unalala kama pono huku kahawa ikimezwa na magugu. Akacheka taratibu.

"Pono hujifunika utando wa ute wake mwenyewe, mwembamba kama shela, ndipo akalala," akasema. "Kukikucha hutoka humo akarudi kazini. Hakuna anayemwamsha."

Basi lala, mama. Wasomee akina shangazi kadi hii kwa sauti. Nikirudi nitaanza palizi mimi, kutokea upande wa kaburi la baba. Jembe lako nitaliegemeza mlangoni, na hakuna atakayekuamsha.

Mwanao,
Tusekile