Binti Yangu Hatulii, Nataka Kumwoza

Mpendwa Bibi Mshauri, naomba msaada wako upesi, maana harusi ni baada ya Idi na moyo wangu haujakaa sawa. Nina binti, Mwanasha, yuko darasa la nne hapa Lushoto, ana ulimi mwepesi na hana ubaya, lakini hatulii, ukimtuma kuni anarudi na maua, ukimweka jikoni maharage yanaungua naye yuko nje anamtazama kinyonga, na Mwalimu Timotheo anasema hesabu anazijua kabla ya wenzake ila hamalizi hata moja, na viboko amechapwa mpaka mwalimu mwenyewe amechoka. Nimempeleka kwa mganga akasema ni mizimu ya upande wa mama, tukachinja mbuzi, binti akala kuliko wote, nikampeleka kwa shehe akaandikiwa kombe la aya za Kurani zilizooshwa kwa maji, akalinywa akauliza kama lipo jingine, kwa dresa wa zahanati nako akapewa kwinini, sasa anarukaruka huku masikio yanamvuma. Juzijuzi ilikuwa zamu yangu ya maji ya mfereji, nami nilikwenda Shume kuulizia habari za mbao, maana kazi ya chai niliiacha nikaingia kwenye kahawa, na kahawa nayo nimeona haifai, mimi ni mtu wa mipango mingi, hata matuta ya mlimani aliyoyaamuru bwana shamba nimeyafikisha nusu tu na zumbe, mtawala wetu, ameshaniita barazani, basi maji nikamwachia Mwanasha, akayafungulia, akasahau kuyaziba, yakabeba kabichi zote za jirani yangu Sheshe. Sheshe alifiwa na mkewe, ni mtu mzima kunipita mimi, na kwa wema wake akasema kabichi tuziache, nimpe binti, atamtuliza. Mama yake analia, hali chakula, lakini mimi naona ndoa ni dawa, hata mimi nilipooa nilitulia, waulize wake zangu wote wawili. Je, nimwoze, au iko tiba nyingine?

Zahoro, Lushoto.

Bwana Zahoro, barua yako nimeisoma huku nacheka, mpaka nilipofika kwa Sheshe. Hapo kicheko kilinikauka.

Ndoa ilikutuliza? Ilikutuliza ukaoa tena! Umeacha chai ukashika kahawa, umeacha kahawa ukakimbilia mbao, matuta yako yamesimama katikati ya mlima, na zamu ya maji ilikuwa yako, si ya mtoto. Kwa Mwanasha unauita ugonjwa, kwako unauita mipango mingi. Mizimu ya upande wa mama iacheni ipumzike, mtoto huyu amekufuata wewe. Tofauti ni kwamba wewe hakuna aliyekunywesha kombe.

Najua inavyochosha kula maharage yaliyoungua. Najua pia anavyoumia yeye kuambiwa kila siku kwamba hafai, na hilo linanisikitisha kuliko maharage yako. Watoto wa namna hii wapo, tena werevu, ila akili yao haikai mahali pamoja. Jina la hali hiyo silijui na sitakubunia. Lakini kiboko hakiitibu. Kingeitibu, Mwalimu Timotheo angekwisha pumzika zamani.

Sasa sikiliza. Mpeleke hospitali kwa daktari, apimwe macho na masikio, nawe ueleze yote, tabia zako zikiwemo. Daktari akisema hajui, mshukuru kwa kusema kweli, kisha urudi nyumbani bila kupitia kwa mganga. Mwombe mwalimu amkalishe mbele, ampe hesabu moja, akiimaliza ndipo ampe nyingine, na katikati amtume kuchota maji apate kukimbia. Nyumbani mtume jambo moja tu, alitaje kwa mdomo wake kabla hajaondoka. Kwenye mfereji akae na mtu mzima, na simaanishi mtu mzima aliyeko Shume. Mama yake mwambie harusi haipo. Mwambie leo hii, usije ukasahau.

Na hiyo unayoiita tiba, Bwana Zahoro, ni fidia. Maji yalimchukulia Sheshe kabichi, hayakumchukulia mke. Shika jembe, umpandie kabichi zake wewe mwenyewe, tuta kwa tuta, na safari hii umalize.