Jina Nililokataa Kuita

Jumatatu, 3 Machi 1969

Nimekamua. Nimesugua vibuyu vitatu vya maziwa na makaa. Uji umeungua kidogo, tumekunywa hivyo hivyo.

Chelagat, bibi ya kijana yangu Kiprono, amejifungua asubuhi. Msichana. Mzima. Analia kama mtu wa mnada wa ng'ombe. Nimemwambia anyamaze, hapa ni kwetu, hakuna mzungu wa kumhamisha tena. Huu ni mwaka wa pili tangu kundi letu linunue hii shamba. Yeye ndiye wa kwanza kuzaliwa juu yake.

Nilifurahi sana. Halafu nikakumbuka lazima aitiwe majina, na mimi ndiye mkubwa wa boma. Furaha ikakatika.

Jumatano, 5 Machi

Siku mbaya.

Wamama walikuja saba. Senge pia, dada ya marehemu mzee wangu. Kwetu mtoto anawekewa ugoro kidogo puani, kisha tunaita wafu wa boma, mmoja mmoja. Jina atakalopigia chafya ndilo lake. Huyo ndiye amerudi. Mwalimu wa kanisa anasema hiyo ni giza. Atabatiza baadaye, nafasi iko ya yote mawili.

Niliita kumi na mmoja. Mtoto aliniangalia tu, kama karani.

Senge akasema, "Kuna mmoja umeruka."

"Nimemaliza."

"Hujamaliza. Mwite msichana wako."

Nikasema aliyekufa vibaya haitwi. Akasema, "Yeye hakufa vibaya. Sisi ndio tulikaa naye vibaya."

Nilitoka nje, nikaenda kwa ng'ombe. Chelagat alikuwa analia ndani. Mtoto bila jina ni mgeni tu, anaweza kuondoka wakati wowote. Hiyo ndiyo inamliza. Mimi ndiye nimemliza.

Alhamisi, 6 Machi

Mtoto ananyonya kidogo, anaacha. Kiprono haniangalii usoni.

Naandika hapa kwa sababu daftari haina mdomo. Tangu nijue kuandika, kule kwa masomo ya ngumbaru, hii sijaandika.

Tapkigen alikuwa kitinda mimba wangu. Alipata mimba ya dereva wa lori. Bwana hakuna, mahari hakuna. Nilimtoa kwa mlango na mfuko wake. Nikamwambia asitaje jina langu, na mimi sitataja lake. Alienda Timboroa. Alikufa huko akizaa, na mtoto pia. Walimzika watu nisiowajua. Habari ilinifikia wiki tatu baadaye.

Miaka minne. Sijaenda. Sijalitaja. Watu wa boma wameogopa kulitaja mbele yangu.

Imetosha kwa leo.

Jumamosi, 8 Machi

Timboroa. Nilipanda lori ya mbao. Baridi ya kule inauma meno.

Karibu na kiwanda cha mbao kuna mama anapika chai. Anaitwa Mama Wambui, ametoka upande wa Nyeri. Nilimuuliza kama alijua msichana mmoja Mnandi aliyekufa akizaa. Aliniangalia kwanza.

"Wewe ndiye yule mama mkali."

Nikasema ndiyo.

"Alikuwa anakuiga. Ugali ikiwa na madonge, anasimama hapo, mkono kiunoni, anatufokea na sauti yako. Tunacheka mpaka chai inamwagika."

Nikamwomba anionyeshe alipolala.

Kaburi liko nyuma ya viazi vyake. Amelipalilia. Hajapanda kitu juu. Nilikaa chini kwa umande. Nilimwambia Tapkigen nilikosea. Sikusema ni kwa sababu ya watu, wala kanisa, wala baba yake. Nilikosea, basi. Nililia vibaya, kama ng'ombe amenyang'anywa ndama. Mama Wambui hakunishika. Alisimama tu pale. Nilipenda hiyo.

Akanipa chai. Nikamwambia hii ni maji.

"Ni yeye kabisa," akasema, akacheka peke yake. Nilimwachia shuka yangu. Alikataa, nikamwachia.

Jumatatu, 10 Machi

Niliita wamama tena. Mimi mwenyewe, nyumba kwa nyumba.

Nilianza na Tapkigen. Sauti ilitoka ndogo. Senge akasema hajasikia. Ni mwongo, alisikia. Nikaita tena mpaka ng'ombe wakageuza vichwa.

Mtoto hakupiga chafya.

Sitajidanganya. Iliuma. Njia yote ya kurudi kwa lori nilikuwa nimeshaamua kwamba atakuja, nitambeba, nitamlipa. Hakuja. Nilikaa na mikono tupu mbele ya watu.

Senge akachukua kazi, akaanza wale wengine upya. Akafika kwa Kobilo, mama ya mzee wangu, ambaye hatukupatana kwa ugali wala kwa maziwa. Mtoto akapiga chafya. Mbili. Vigelegele.

"Lakini Jumatano tulimwita," mimi nikasema.

Senge akasema, "Alikuwa mlangoni tangu Jumatano. Alikataa kuingia kabla mjukuu wake hajatajwa."

Inawezekana. Huyo mama alikuwa mkaidi hivyo. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, kisha nikalia kidogo, hakuna aliyeshangaa.

Kobilo ananyonya vizuri.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua ya kwanza. Kiprono alikuwa kwa shamba mpaka saa kumi.

Chelagat aliniuliza Tapkigen alikuwa anapenda nini. Hakuwahi kumwona. Nikasema viazi vitamu. Kulala. Kubishana. Nikamweleza vile alikuwa anaogopa bata. Maji ya ugali yakakauka kwa sufuria, nikaweka mengine, nikaendelea.

Kiprono alisimama mlangoni na matope yake, akasikiliza. Akaongeza ya siku dada yake alipanda punda wa mzungu mpaka mtoni, na wakaapa wasiniambie.

Hiyo sikuijua. Nimeuliza punda alikuwa yupi.

Tumekula tumechelewa.