Simu ya Kituo cha Juu

Jumatatu, 22 Julai 2019

Daktari kaitazama picha ya goti langu, kasema Septemba. Nipasuliwe, niwekewe goti la chuma, kisha miezi mitatu ya magongo. Nikamuuliza, na kupanda mlima je? Akacheka. Eti mlima hauhami, mama. Mlima hauhami, lakini mimi nina miaka sitini na tatu!

Nimerudi nyumbani nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Nimefungua dirisha, nimelifunga. Tangu nistaafu posta siwezi kukaa kitako hata nusu saa.

Basi nimeamua. Alhamisi natembea. Napanda kwa kigari cha waya cha Fürtli, kile kisanduku kinachoning'inia hewani, nafuata njia ya mgongoni mwa mlima hadi Gampelegg, saa nne za mwendo, halafu nashuka. Kwa miguu. Kigari cha Gampelegg sikipandi. Hicho ni cha Otti.

Jumatano, 24 Julai

Usingizi haukuja vizuri. Nimefunga mkoba mara tatu. Mkate, soseji kavu, jibini, chupa ya chai. Redio inasema kesho jua, na alasiri labda ngurumo. Labda! Kwa neno hilo redio haikosei kamwe.

Niandike tu, nani atasoma. Otti ni mdogo wangu wa kike. Baba alipofariki, yeye akabaki juu na shamba, na mama, na kigari. Hilo halikuniuma, maana mimi ndiye niliyekimbia samadi nikashuka mjini Altdorf. Kilichoniuma ni ile siku ya Oktoba, miaka kumi na moja sasa. Mama alikuwa anakata roho. Nilisimama kituo cha chini, nikapiga simu ya ukutani, nikamwambia Otti nitumie kigari. Akasema hapana, upepo. Nikatazama miti: jani halitikisiki. Nikamwambia hivyo. Akasema hapana. Nikamwita majina ambayo siyaandiki hata humu. Nikapanda kwa miguu, saa tatu nzima, na nilipofika mama alikuwa amekwisha kufunikwa shuka.

Huku kwetu hata mtoto anajua: mashine na kipima upepo viko juu, basi aliye juu ndiye anayeamua. Padri hana neno, daktari hana neno, mwenye haraka ndiyo kabisa. Aliye juu. Lakini mimi nasema Otti aliamua kwa kinyongo, kwa sababu nilimwachia kumlea mama peke yake. Tangu mazishi hatujasemeshana. Tukikutana kwenye harusi ya mtu tunapeana mikono kama mteja na karani.

Alhamisi, 25 Julai. Saa moja na nusu asubuhi

Kituo cha chini, Fürtli. Nimepiga simu juu. Klemens, mwenye kigari, akapokea, akasema nimsubiri amalize kukamua, ng'ombe haachwi nusu. Nimekaa juu ya gunia la chumvi ya mifugo. Dakika ishirini! Nimesoma lile tangazo la mlangoni mpaka nimelikariri: watu wanne au ndama mmoja.

Saa tatu

Nilipanda na gunia la chumvi na kuku watano ndani ya boksi. Kigari kikipita nguzo kinaruka kidogo, kuku wanapiga kelele kwa niaba ya wote. Klemens alinipokea juu. Mzee yule hajabadilika, kofia ileile.

"Burgi, umepotea? Kwenu si upande ule?"

"Natembea tu."

"Na goti hilo. Utashukia wapi?"

"Gampelegg. Kwa miguu."

"Kwa miguu," akarudia, kama anaonja maziwa yaliyochacha. "Otti akisikia umepita mlangoni kwake ukashuka kwa miguu, atafurahi kweli."

Nikamwambia ashughulike na ng'ombe wake.

"Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime," akasema. "Haya, mimi nakwenda kulima." Akaenda kweli, ila alichoshika ni reki, maana majani ya juzi bado hayajageuzwa.

Saa saba mchana

Nimekula nimesimama. Nikikaa, goti linakaza. Upande wa kusini mawingu yameanza kujengana, meupe juu, chini yana rangi ya sufuria kuukuu. Paa la Gampelegg linaonekana kule chini. Bati jipya. Nimelitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Kwenye mteremko wa kwanza nilikanyaga vibaya. Goti likasema lake. Mahali pa dakika ishirini nimetumia saa nzima, nikishuka kinyumenyume kama mtoto kwenye ngazi. Na kutoka Gampelegg hadi bondeni ni saa mbili na nusu za mteremko mbaya zaidi. Haiwezekani — najidanganya nini?

Itabidi nibishe hodi kwa Otti. Niseme nini? Naomba kushuka. Basi, maneno mawili. Nimeyasema kwa sauti mara kadhaa, na kondoo mmoja ameniangalia.

Saa tisa na nusu

Gampelegg. Otti hayupo!

Aliyetoka ni Meinrad, mumewe, mguu mmoja umefungwa plasta, mkono wa kulia una damu hadi kwenye kiwiko. Nikadhani kajikata.

"Shemeji," akasema, kana kwamba niliondoka jana. "Mungu kakuleta. Ingia chumba cha simu."

Mtamba wao anazaa na ndama amekaa vibaya, kichwa kimegeukia nyuma. Otti yuko kituo cha chini, anamngoja daktari wa mifugo. Wakiwa tayari watapiga simu. Meinrad hawezi kuwa zizini na kwenye mashine ya kigari kwa wakati mmoja, na kwa magongo ndiyo kabisa.

"Sijagusa mashine hii miaka thelathini," nikamwambia.

"Kitufe cha kijani kwenda, chekundu kusimama. Umezaliwa hapa, usijifanye mtalii." Akageuka, magongo yakilia kwenye mawe.

Basi nimekaa kwenye kiti cha baba. Kimebadilishwa mto tu. Kipima upepo kinasoma kilomita ishirini na mbili kwa saa. Mwisho wa kigari kwenda ni sitini, imeandikwa kwa rangi nyekundu. Nyuma ya ukuta huu ndipo kilipokuwa chumba cha mama. Nimenyanyuka, nimekaa, nimenyanyuka. Kutoka zizini namsikia mtamba.

Saa kumi kasoro robo

Upepo umekuja ghafla, kabla ya tone moja la mvua. Arobaini na nane. Sitini na sita. Sabini na moja. Kigari cha huku juu, pacha wa kile cha chini, kinagonga raba za kuzuilia kituoni, du, du. Siku za namna hii baba hakuturuhusu kuingia humu. Sikuwa nimewahi kuona waya unavyofanya.

Simu ikalia.

"Meinrad, daktari kafika, tuko ndani ya kigari. Tupandishe."

Sauti yake.

"Meinrad?"

"Ni mimi. Burgi."

Nyuma yake mwanamume akasema twende basi mama, ng'ombe atakufa. Otti hakuniuliza nimefikaje wala nataka nini.

"Kinasoma ngapi?"

"Sitini na tisa. Sasa hamsini na nane. Sabini."

"Pale nguzo ya pili waya ukoje?"

Nikatazama. Chini ya nguzo ni korongo tu, hakuna mti. "Unapigapiga huku na huku."

"Na mtamba?"

"Analia. Namsikia mpaka hapa."

"Ndama yu hai?"

"Meinrad anasema alikuwa anachezesha mguu."

Akavuta pumzi. "Haya. Aliye juu ndiye anayeamua," akasema. Hakusema kwa kejeli. Ningefurahi kama ingekuwa kejeli, ningekuwa na la kujibu.

Kidole changu kilikuwa juu ya kijani. Ndiyo, kilikuwa pale, na nilitamani kukibonyeza ili anione mwema. Namba ikasoma sabini na mbili. Nikasema hapana.

"Sawa," akasema.

Kisha nikamsikia akimwambia daktari, dada yangu anasema hapana. Daktari akafoka. Eti huyo mwanamke ana wazimu, hapa jani halitikisiki, wenzake wanapoteza mnyama. Na Otti, kwa sauti ileile aliyonijibu mimi Oktoba ile:

"Dada yangu yuko juu. Wewe uko chini."

Nimeona aibu, niandike hivyo hivyo. Hapana ni neno zito kulitoa. Mimi nimelitoa kwa sababu ya mtamba. Yeye alilitoa akiwa kwenye kiti hiki, mama akikoroma nyuma ya ukuta, na mimi namtukana sikioni. Nilitaka kumwambia. Kinywa kilifunguka, kikatoa tu, "Sitini na nane."

"Nasikia," akasema.

Hakukata simu. Mimi pia sijakata. Nimebana mkono wa simu kwa bega, naandika kwa sababu mikono haitulii. Mvua imeanza kupiga bati. Namsikia anavyopumua. Kila baada ya muda anauliza namba, nampa. Sitini na nne. Sitini na saba. Hatujasema kingine, na hii ndiyo mara tuliyozungumza kwa muda mrefu zaidi katika miaka kumi na moja.

Sasa hivi ameuliza mbona hasikii ng'ombe tena. Hata mimi simsikii. Meinrad hajatoka. Sijui kama ni ngurumo zinazomfunika, au amezaa, au ndiyo imekwisha. Nimemwambia sijui.

"Basi ngoja," amesema. "Usiondoke hapo, Burgi. Ngapi?"

Sitini na mbili.